Siku Niliyomkana Mtani Wakra

Mtani wangu Zuhura,

Usishangae kuona mwandiko wangu. Ulikuwa ukisema Mnyamwezi akishika kalamu ujue anahesabu mizigo ya watu. Leo nina mzigo wangu mwenyewe, na sina pa kuutua ila kwako.

Kwanza habari za nyumba, maana ungeniuliza hizo kabla hata ya salamu. Hapa Muaither, Doha, jikoni kwako ameingia dada wa Kifilipino, mpole, anapika vizuri, ila hanitukani. Madamu bado analalamika kwamba harisi ya siku hizi haivutiki kama ile yako. Kile kigoda ulichokuwa ukikalia nje ya mlango wa jikoni, ukinisubiri nirudi na watoto kutoka shule ili uanze kunisema, nimekihamishia chumbani kwangu. Ninakiwekea nguo.

Mdogo wako alinipigia simu baada ya mazishi. Alisema watu walilia huko Kisarawe mpaka wakachoka, na hapakuwa na mtani hata mmoja wa kuwachekesha. Mtani huyo nilikuwa mimi, Zuhura. Mimi ndiye niliyepaswa kuvaa kanga yako, nitembee ule mwendo wako wa kuburuta ndala, nizuie jeneza lako njiani nikidai kuku wangu kwanza. Badala yake siku ile niliwapeleka wageni wa bwana madukani. Nikalia kwenye usukani, na walipofungua mlango nikawa nimeshafuta uso.

Sasa nikueleze lililonifanya nikuandikie.

Unaikumbuka ahadi yetu ya Wakra? Mara ngapi niliwapeleka wageni wa madamu kwenye ule mji wa zamani wa huko kusini, wakazungushwa sokoni na mwongozaji, wakionja hiki na kile, mimi nimebaki kwenye maegesho na chapati zako ndani ya foili. Ulikuwa ukinikabidhi huku ukisema, "Usijali mtani, iko siku tutakula sisi, wao watusubiri garini." Tulicheka, lakini moyoni kila mmoja wetu alikuwa anaisubiri siku hiyo.

Nikaamua kwenda peke yangu, kwa niaba yetu wawili. Ijumaa yangu ya mapumziko nilikodi gari dogo kule Industrial Area, nikavaa lile shati jeupe ulilosema linanifanya nifanane na bwana harusi aliyekimbiwa. Sikwenda Wakra moja kwa moja. Niliendesha kusini kabisa, mpaka lami inapoishia mchangani, nikashusha vioo, nikaachia zile nyimbo zako za mdundiko zilizobaki kwenye simu yangu. Kwenye kiti cha pembeni niliweka katoni ya maji. Gari likaanza kulia, likidhani kuna mtu amekaa bila mkanda. Nikaufunga mkanda. Nikaendesha hivyo, nikikusemesha kama mwendawazimu, na nilikuwa na furaha kabisa.

Ningegeuza gari pale pale nikarudi nyumbani, leo nisingekuwa na cha kukuandikia.

Alasiri nikajiunga na kundi la Wazungu sokoni Wakra. Mwongozaji alitaka kila mtu ajitambulishe. Nikasema mimi ni mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, nimekuja kutembea. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu, kwa jioni moja, nisiwe yule anayesubiri kwenye maegesho.

Uongo ule ukaniendesha. Walituletea kaimati, Zuhura, kaimati zile zile, wenyewe wanaziita luqaimat. Na mimi, niliyekuwa nikikuibia sinia zima zikiwa bado za moto, nikauliza zinatengenezwa na nini! Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeona muujiza. Ungekuwapo ungenipiga kwa mwiko.

Kisha tukakaa kwenye mkahawa mmoja tuonje harisi. Harisi yenyewe ni boko boko, ngano iliyopondwa na nyama, wala hakuna la zaidi. Mwongozaji akaniita kwa sauti, "Mister Maganga, please." Binti aliyekuwa amebeba sinia akasimama ghafla. Akanitazama juu mpaka chini, akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Maganga! Mtumwa wangu! Nani kakufungulia leo uje kula na Wazungu?"

Hakuna anayeanza hivyo isipokuwa Mzaramo. Alilisikia jina, akalijua kabila, akafungua mlango bila hodi, kama ulivyonifungulia wewe siku ya kwanza nilipoingia jikoni kwa madamu. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni.

Lakini mama mmoja wa Kiingereza aliniwahi. Akaniuliza kwa upole binti amesema nini. Na mimi, mtani, nikamtafsiria. Neno kwa neno. Nikasema: ananiita mtumwa wake.

Ningeweza kuongeza. Ningeweza kumwambia kwamba kwetu Mnyamwezi na Mzaramo hawaamkiani, wanatukanana, na asiyetukanwa ndiye mgeni. Lakini yule mfanyabiashara niliyemvaa na shati jeupe hakuwa na mtani katika dunia hii. Mama yule akashika kifua. Wenzake wakaanza kunong'ona, mwongozaji akainuka kwenda kwa msimamizi, msimamizi akaja mbio akiniomba radhi, sir, sir, kila neno sir. Binti alisimama na sinia lake akinitazama, akisubiri nicheke ili mambo yaishe. Nilikuwa na nafasi hiyo, Zuhura. Nikaangalia sahani.

Wakampokonya sinia wakampeleka ndani. Mimi wakaniongezea nyama. Nikaila.

Ninaona aibu kukuandikia sentensi hiyo. Nimeifuta mara mbili, nimeirudisha. Tusi lile lilikuwa salamu, na mimi niliyekosa kuja kukufanyia utani msibani kwako, nilipoletewa utani mezani, nikaushtaki kwa wageni.

Ijumaa iliyofuata nilirudi kwa basi. Nilimtafuta msimamizi, nikamweleza kwa Kiarabu changu cha barabarani. Mtani nimwite nini kwa Kiarabu? Nikasema ni bint khali, binti wa mjomba wangu. Nikasema mimi ni dereva wa nyumba ya watu, nilidanganya, binti hakunitukana, alinipa heshima. Msimamizi alicheka sana. Akasema hakumfukuza, amemweka nyuma anaosha vyombo kwa sababu hajui kukaa na wateja, lakini kama ni ndugu yangu basi atamrudisha mezani. Akamwita.

Akaja mikono ikidondosha maji. Kibao cha kifuani kimeandikwa Tatu. Nikamrushia tusi lililo bora kuliko yote niliyowahi kukutukana wewe: "Mzaramo we, ngoma zimekwisha kwenu mpaka umekuja kupiga masufuria Uarabuni?"

Akatabasamu, lile tabasamu la kazini. Akaniambia kwa Kiingereza, "I'm sorry about last time, sir. How can I help you?"

Sijawahi kutukanwa hivyo, mtani. Wewe na ulimi wako wote hukuwahi kuniumiza namna ile. Nikasema sihitaji kitu, nikatoka, nikakaa kwenye maegesho pamoja na madereva wengine mpaka basi lilipofika.

Nilikwenda tena Ijumaa iliyopita. Kweli amerudishwa mezani. Nilivaa sare yangu ya udereva, nikaagiza boko boko, na ilipofika nikasema kwa nguvu, "Karibu tule, Mzaramo, najua kwenu hamkupika." Aliweka kijiko mezani, akasema, "Enjoy, sir." Lakini alipogeuka nilimwona ameuma mdomo. Sijui kama ni hasira au ni kicheko alichokuwa anakizuia. Usinicheke nikisema nimelishikilia hilo wiki nzima.

Basi nakuahidi mambo mawili. Nikienda likizo, kabla ya Tabora nitafika Kisarawe. Mdogo wako aniwekee ile kanga yako na ndala, nitatembea mwendo wako kutoka barabarani mpaka kaburini, na wasiponipa kuku wangu siondoki. Na hapa Doha, kila Ijumaa yangu nitakwenda Wakra kumtukana Tatu, nikiwa na sare yangu, mbele ya wageni wote, mpaka siku atakapochoka kuniita sir.

Lala sasa, Mzaramo mvivu. Kulala ndiyo kazi pekee uliyoiweza. Mungu akulaze pema, na huko uliko wakikuletea kaimati, uniachie.

Mtumwa wako,
Maganga