Majina Kumi na Tano

Guka, babu yangu mpendwa,

Shule yako inafungwa mwisho wa muhula huu. Pasta alitutangazia kwenye gwaride la asubuhi, akasema tumebaki wachache mno na kanisa limeshindwa kuiendesha. Tutapelekwa shule nyingine huko Ruiru. Hakuna aliyelia. Watu waliuliza tu kama sare zitabadilika.

Unakumbuka nilipokuja kwako Mugutha na ile picha ya darasa lenu? Wavulana kumi na tisa, wanafunzi wa kwanza kabisa, mbele ya kanisa la mabati mlilosomea. Nyuma ya picha hakuna jina hata moja, na rejista ililiwa na mchwa. Ulikuwa umebaki hai wewe tu. Ulivaa miwani ukaiweka picha gotini.

"Huyu ni Kamande, mwizi wa sukari ya mmishonari. Huyu mrefu ni Njoroge."

"Na huyu wa masikio makubwa?"

"Wee! Huyo ni mimi. Unanitukana kwangu, na chai yangu unakunywa!"

Tulicheka. Ulikuwa umemtaja wa nne, Mbugua, wazee wa kanisa walipobisha. Mtoto hamhoji mzee mbele ya wageni, kwa hivyo nilifunga daftari nikaenda kuwatilia chai. Ukaniita, "Wanjiku, kuja tumalize." Nikaona haya. Nikasema nitarudi Jumamosi.

Jumamosi ilinyesha, na nilikuwa na kitabu kizuri. Sina sababu nyingine, Guka.

Nilipokuona tena ulikuwa hospitalini Thika, kiharusi kimekunyima maneno. Nilikushikia picha. Kidole chako kilipita usoni kwa kila mmoja, kikasimama, midomo ikahangaika, ikatoka sauti ile ile kwa wote. Uliwajua wote. Mimi nilikaa na kalamu mkononi.

Tulikuzika mwezi uliopita. Jumapili ni ibada ya mwisho ya shule, na nimepewa kazi ya kusoma majina yenu. Mwalimu wa historia anasema nikishayasoma hayo manne niongeze "na wenzao", kwamba hakuna atakayejali. Najua hakuna. Nimejaribu kuyasoma kwa sauti chumbani. Yanaisha kabla sijavuta pumzi ya pili.

Nilidhani kukuandikia kutanipunguzia uzito. Hakujanipunguzia. Jumapili nitasema "na wenzao", kisha nitakaa chini.

Pumzika, Guka.

Mjukuu wako,
Wanjiku