Dakika Makumi Ine na Tano

Kindu, tarehe 4 novemba 2024

Asma mudogo wangu,

Asalam aleikum, nakuandikia ku telefone. Mama iko aje, mugongo umemupa pumuziko? Miye niko muzima, haraka tu ndiyo inanikula.

Sikia: nakuja na ndege! Kindu mupaka Kasongo, telefone inasema kilomita mia moja makumi tisa, dakika makumi ine na tano. Kwa pikipiki ni siku tatu na mvua hii. Baba hayuko tena, walii wako ni miye, kaka yako mukubwa. Jumatano nitatua, Ijumaa nitakuozesha mbele ya shehe, na kanzu niliyojishonea mwenyewe.

Yaya yako, Moussa

Kasongo, tarehe 6

Yaya Moussa,

Aleikum salam. Mama anatembea kidogo, anakusalimia. Uko wapi? Nimesimama ku uwanja tangu asubuhi. Ndege ilitua, watu wane wakashuka na sanduku za dawa. Weye hapana! Telefone yako inalia bure.

Jumamosi muchumba wangu Heri anarudia kazi ya uganga ku hospitali kule Kabambare. Baba mudogo Kamaldine anasema yeye ataniozesha. Sitaki. Baba alikuachia weye kazi hiyo, miye nilikuwa palepale.

Mudogo wako, Asma

Kindu, tarehe 6

Asma,

Pole sana. Walitupima pamoja na mizigo, kilo zikapita, nikabakia. Kesho iko ndege ingine. Usilie, mudogo wangu.

Yaya yako

Kasongo, tarehe 7

Yaya,

Leo sina salamu, utanisamehe. Ndege imetua, nikamuuliza rubani. Anasema jana kiti chako kilikuwa wazi, leo pia. Ulifika mupaka ku ngazi, ukageuka. Heri hakupendezi? Sema tu, bwana!

Asma

Kindu, tarehe 7

Mudogo wangu,

Heri sina neno naye. Naogopa ndege. Sikuwahi kuiona karibu: ni kadogo, mulango unafungwa na mukono kama wa kabati. Mara mbili niliwaachia kiti chao. Mutu wa miaka makumi tatu na saba! Haya imenishika, ndiyo maana nilikudanganya.

Onyesha shehe maneno haya: Miye Moussa, mwana wa Alimasi, namupa baba mudogo Kamaldine uwakili wa kumuozesha dada yangu Asma. Olewa, ufurahi.

Yaya yako

Kasongo, tarehe 8

Yaya Moussa,

Mama iko salama, lakini ananinunia. Ujumbe wako wa uwakili nimeufuta kabla baba mudogo hajauona. Ndoa haikufungwa. Wali umeliwa, bibi harusi hakuna, mashangazi wanasema nimerogwa.

Heri amekasirika, kesho anaenda peke yake. Anasema atarudi Ijumaa ijayo, kama mukubwa wake atamuachilia. Hiyo "kama" inaniogopesha. Lakini sitaki wakili, yaya. Nataka weye, mutu wa kwetu uliyemufumba baba macho alipokufa.

Tafuta pikipiki leo. Usinijibu. Ukuje tu.

Mudogo wako, Asma