Mtumbwi Wangu na Wageni wa Viboko

Jumatatu, 3 Machi
Moshi tangu asubuhi. Samaki thelathini, ngege wote, juu ya waya wa tanuri, kesho soko la Bwera. Macho yananiuma. Ukungu umekaa ziwani, sioni maji yanaishia wapi.
Mwanangu Baluku amefanya ujinga. Amempakia mgeni wa kike kwenye mtumbwi wangu wa kuvulia, ati akamwonyeshe viboko. Hapa Kasenyi mwanamke hakanyagi mtumbwi wa samaki. Mimi niliununua na sijawahi kuukalia.

Jumatano, 5 Machi
Wavuvi wangu wawili wamekataa kuingia. Mtumbwi umeharibika, wanasema, hautashika kitu tena. Wamehamia kwa jirani.
Jana Kavira, yule Mkongomani anayenunua samaki wangu kwa jumla, aliniambia, "Mama, Ijumaa ulete mingi, batu banangoja." Watu wanangoja, nilete nini? Tanuri limepoa. Nimemgombeza Baluku mpaka nimechoka.

Ijumaa, 7 Machi
Sikwenda Bwera. Aibu.
Watu wa mjini wanaoleta wageni kutazama viboko wamekuja na viti vya mbao. Wanataka mtumbwi utembeze watu siku zote. Tena nyavu zisiingie kwenye mafunjo, maana ngege wanazalia pale. Nikawauliza wageni wanakula nini. Kuku, ametoka Kasese mjini. Wageni hawajaonja samaki wangu. Sipendi kabisa.
Baluku akasema polepole, "Mama, nyavu zinarudi na vitoto tu. Unajua." Najua. Ndiyo maana nimekasirika.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nimepanda mtumbwi. Umeshaharibika, utaharibika mara ngapi? Baluku alipiga kasia taratibu. Kwenye mafunjo maji yamesimama, ndege wamesimama, nami nikasahau kugomba. Pembeni, kwenye maji machache, ngege jike alifungua mdomo. Vitoto vikatoka kama chenga za mchele, vikaelea, vikarudi mdomoni. Kama ndoto.
Miaka yote nimevikung'uta mchangani wakati wa kupasua samaki. Sikuwahi kuviona vikiogelea.
Nimewaambia waweke viti.

Alhamisi, 13 Machi
Leo nimepanga foleni mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, na wanawake wengine, nanunua samaki kutoka mitumbwi ya watu. Nimepata kumi na wawili. Mmoja akacheka, "Mwenye mtumbwi naye anapanga foleni?" Nikamwambia asogee.
Kesho Bwera. Kavira atalalamika, kisha atachukua.
Jioni mtumbwi umepita mbali na wageni wanne. Walinipungia. Sikuinua mkono. Nilikuwa nageuza samaki.