Miguu Iliyovimba Jioni

Jumatatu, 3 Machi
Chai bila sukari. Redio. Kisha kumpima Vumilia presha. Imeshuka. Tangu kliniki ya Lubaga impe dawa mpya, mke wangu haumwi tena kichwa. Ila jioni miguu inavimba, kandambili hazimwingii. Karatasi ya dawa inalitaja hilo. Tutauliza mwisho wa mwezi.

Alhamisi, 6 Machi
Vumilia anasema ni karuho, ile sumu ya polepole tuliyoiogopa kwetu Bukavu kabla vita havijatuleta huku. Mtu akivimba, hutafutwa aliyemlisha. Amemtaja Mama Aline, jirani yetu wa ukuta mmoja, anayetuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumapili. Huionja kwanza mbele yetu, kama desturi inavyotaka, tuone haina kitu.

Nilicheka. Tena uani, mbele ya wanawake. Nikasema huo ni ujinga wa kijijini. "Mwalimu amehukumu!" akasema mmoja, wote wakaangua kicheko. Vumilia aliingia ndani.

Jumapili, 9 Machi
Mama Aline alileta sombe. Akaionja. Vumilia akalisukuma bakuli.
"Imalize yote, basi."
"Dada, mimi? Tulilala chini ya turubai moja tukikimbia vita, leo mimi ndiye mchawi wako?"
Aliondoka na bakuli lake. Nilitazama sakafu. Aibu.

Jumanne, 11 Machi
Nimetafuta maelezo kwenye kitabu cha biolojia nilichofundishia. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli. Kalsiamu ikiingia ndani ya seli za misuli hiyo kupitia vijilango vyake, misuli hukaza na mshipa hubana. Seli inapaswa kuitoa tena, au kuihifadhi pembeni, ndipo ilegee. Kwa mwenye presha, mishipa hukaa imebana mno. Dawa ya Vumilia hufunga baadhi ya vijilango. Mshipa unalegea, presha inashuka. Lakini mishipa midogo inayopeleka damu miguuni nayo hufunguka, na maji huvuja kwenye nyama. Ndiyo uvimbe. Hakuna aliyemlisha kitu.

Nimeandika vizuri. Ningeweza kumwambia haya kwa Kiswahili hikihiki, tukimenya ndizi. Sikumwambia. Nataka kwanza akiri kwamba amemkosea Mama Aline. Nataka kushinda.

Ijumaa, 14 Machi
Presha imepanda sana. Vidonge viko vilevile kwenye boksi. Kumbe amekuwa akienda Katwe kwa mganga anayewatapisha watu karuho, na mganga amemkataza dawa za hospitali. Nilipandwa na hasira. Nilimfokea, kisha nikanyamaza siku nzima kama mtoto. Miguu yake imepungua uvimbe. Aliinyoosha mbele yangu, kama ushahidi kwamba mganga amemponya.
Kesho nitamweleza. Kwa utulivu.

Jumamosi, 15 Machi
Ameanguka asubuhi akichambua mchele. Mdomo ulikwenda upande. Mkono wa kulia hauna nguvu. Nilipiga kelele tu, sikujua la kufanya. Mama Aline ndiye aliyeingia, akamfunga kitenge kiunoni, akasimamisha gari barabarani, akampakata kichwa mapajani hadi hospitali.
Kiharusi.
Nilimweleza daktari habari ya miguu. Akasema, "Mzee, mngerudi tu. Tungepunguza dozi, au tungebadilisha dawa." Kijana mpole. Hakujua alichokuwa akinifanyia.

Ijumaa, 21 Machi
Hasemi. Nimekaa kando ya kitanda nikamweleza yote: misuli, kalsiamu, vijilango, maji. Sijawahi kufundisha somo vizuri hivyo. Alinitazama. Sijui kama alinisikia. Nimechelewa.

Jumapili, 30 Machi
Tuko nyumbani. Dawa nyingine, anaimeza. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mama Aline alikuja, akamkanda mkono ule usio na nguvu kwa mafuta ya mawese. Vumilia akajaribu kumwita. Midomo ilihangaika, ikatoka sauti tu, isiyofanana na jina la mtu yeyote.
"Niko hapa, dada," Mama Aline akaitika, akaendelea kukanda.