Mtoto Ataitwa Getuluda

Jumatatu, 6 Mei 1974
Maji, kuni, nepi. Mtoto ananyonya vizuri, kitovu kimekauka. Mume wangu Konstantino, katibu wa tawi la chama, amerudia wimbo wake: binti ataitwa Azimio. Eti Getuluda ni jina la kikoloni. Nikamuuliza, na Konstantino je, ni jina la ukoo gani? Akachukua baiskeli, akaenda mkutanoni.

Getuluda ni mama yangu. Alizikwa kijiji cha zamani kabla hatujahamishwa huku. Nyumba zilibomolewa, kaburi limebaki na nyasi. Sikubeba kitu chake ila jina. Siliachi.

Alhamisi, 9 Mei
Kliniki. Sista Mholanzi kafurahi kusikia jina. Dada yake ni Geertruida, nyumbani humwita Truus. Wajerumani husema Gertrud, Waingereza Gertrude. Maana yake ya kale ni mkuki na nguvu. Akataka tumwite mtoto kama wanavyoita kwao. Nikakataa. Kila mtu kalikata kwa mdomo wake, na mama kalikata kwa wake. Mkuki nimeupenda.

Ijumaa, 10 Mei
Wifi Felista, msimamizi wa ubatizo, amenitobolea siri. Konstantino kamwagiza amtaje mtoto kwa jina la Azimio mbele ya padri. Na sababu si ukoloni hata kidogo! Kwetu mwanamume hatamki jina la mama mkwe, na mtoto aliyelirithi huamkiwa kwa heshima ileile. Mama alimkatalia posa mara ya kwanza, na Konstantino hajamsamehe mpaka leo. Hataki kuwa mdogo mbele yake tena, hata mama akiwa kwenye nepi. Woga mtupu. Nina hasira.

Jumapili, 12 Mei
Padri akauliza jina. Felista akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nikasema mimi, kwa sauti ya kuitia ng'ombe: Getuluda! Kanisa zima likageuka. Maji yakamwagwa. Konstantino alitoka kabla ya baraka, akaenda kwa kaka yake Pito. Na aende. Sijutii.

Jumanne, 14 Mei
Hajarudi. Majirani wananong'ona. Nimempigia mtoto vigelegele uani, wasikie vizuri.

Alhamisi, 16 Mei
Baridi. Konstantino karudi asubuhi. Nilikuwa nje napukuchua mahindi, mlango uko wazi. Akavua kofia, akapiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Akasubiri. Mtoto akapiga chafya. Akamsogezea blanketi, kisha akaniuliza kama kuna uji. Upo.