Umeshuka, Lakini Umeshuka Wapi?

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada huku nashangilia, usinishangae. Mume wangu Luhaga ananadi mitumba hapa Igoma, mwaka jana pua ikaziba, sikio likavuma, uvimbe ukatokea shingoni upande mmoja chini ya taya, daktari akasema ni saratani ya nyuma ya pua, ila ugonjwa haujapanda kwenye mifupa ya kichwa, umeshuka shingoni, basi mama mkwe wangu, Mama Dorotea, kusikia "umeshuka" akadhani ni kama homa, akapiga vigelegele palepale wodini, akarudi Magu akachinja mbuzi, mimi nikabaki kubishana na ukoo mzima mpaka Luhaga akakubali kwenda Dar kupigwa mionzi. Mshauri, uvimbe umekwisha! Daktari amempapasa shingo, hakuna kitu, na sauti iliyokauka kwa mionzi imerudi, jana kanadi suruali mpaka wa ng'ambo ya barabara wakaja. Sasa mama mkwe anatamba kwamba ni mbuzi wake aliyeponya, na Luhaga hataki kurudi Dar kupimwa, eti ugonjwa ulioshuka ukiuita utapanda, nikimsihi ananiita mkosi. Nifanyeje?

Odeta, Igoma

Marahaba, Odeta, na hongera sana! Mkosi gani? Wewe ndiye uliyemvuta mumeo kutoka mdomoni mwa kifo, na mwambie nimesema mimi.

Mama mkwe usimcheke, neno limemchezea. Homa ikishuka tunashukuru; saratani ikishuka imehama. Nimemuuliza daktari mmoja wa saratani. Kasema ile inayopanda kwenye mifupa ya kichwa mara nyingi husumbua na kurudi hukohuko juu, na ile inayoshuka kwenye tezi za shingo ndiyo yenye tabia ya kusafiri mbali, hadi mapafuni, kwenye ini au mifupa. Ya Luhaga haikupanda, na ilikuwa imeshuka kidogo tu, haijakaribia bega. Ndiyo maana matumaini yake ni makubwa. Lakini kwa kuwa ni ya kusafiri, lazima ifuatiliwe.

Nawe Luhaga, najua unasomewa haya. Unageuza suruali ya mtumba nje ndani ukitafuta tundu, halafu shingo yako mwenyewe hutaki ikaguliwe? Aibu! Kupimwa hakuiti ugonjwa. Ugonjwa ukishuka, mgonjwa anapanda treni, na atapanda kila anapoitwa.

Odeta, kata tiketi wewe, usingoje ukoo. Majibu yakija mazuri, Mama Dorotea achinje mbuzi wa pili na aanzishe vigelegele mwenyewe, hapo hatabishiwa na mtu. Paja mniletee mimi.