Aliyeniita Baba Kwenye Drafti

Jumapili, saa nane mchana. Jua la Buswelu leo halina adabu, bati linalia juu ya kichwa changu, na mimi nimekaa sebuleni na shati wazi nikiandika mambo ambayo pengine yangefaa kubaki kifuani. Nina hasira. Nasema mapema ili anayepita hapa kutafuta utani wangu wa kila wiki asijisumbue kuusubiri.

Wachache mnaonisoma mnakumbuka niliwahi kuandika kwamba mimi na Mzee wangu tumepatana kwa sababu ya drafti ya kwenye simu. Mlinipongeza sana. Mmoja wenu aliandika kwamba amelia. Naomba anisamehe, machozi yake yalipotea bure.

Ngoja nianze mwanzo, maana hasira inanirusha hatua.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, Mhaya wa Muleba, mwenye shamba la migomba na kahawa na maneno ya kuhesabu. Nilipoacha chuo cha uhasibu nikaja Mwanza kujifunza ufundi simu, alinipigia mara moja tu. "Josia, nimekusomesha ili ufungue vibati vya watu?" Hakungoja nijibu. Hiyo ni miaka tisa sasa. Tangu hapo mimi na yeye tunazungumza mvua, shamba, na nani amefariki. Kibanda changu kiko Igogo, nabadilisha vioo, nafufua simu zilizodumbukia ziwani, na nina wateja ambao hawakubali kushikiwa simu na mtu mwingine. Mzee hajawahi kukanyaga pale.

Watu hushangaa fundi simu asiyecheza gemu. Jirani na kibanda changu kuna chumba cha gemu za mpira, na humo watu wazima wenye ndevu wanatukaniana mama kwa sababu ya mpira ambao haupo. Zile sizipendi. Zinakula bando, zinakula chaji, na zikishakuzoea zinaanza kukuuzia jezi. Drafti haina jezi. Unakaa, unafikiri, unasogeza kete, unasubiri mwenzako naye afikiri.

Tena drafti ndiyo kitu pekee nilichowahi kuona kinamfanya Mzee acheke. Nilipokuwa mdogo, walimu wenzake walikuwa wanakuja nyumbani Jumamosi, wanapanga vizibo vya soda kwenye ubao, na hakuna aliyedumu mbele yake. Kwa hiyo Krismasi iliyopita nikampelekea simu ya kisasa, nikamwekea drafti, nikamsajili kwa jina "Baba". Tukacheza mechi moja, bega kwa bega, kila mtu na simu yake, mama akiwa pembeni anachambua maharage. Nilimshinda. Akaiweka simu mezani, akasimama, akaenda kuangalia ng'ombe.

Nikajua nimepoteza.

Wiki mbili baadaye niko kibandani, saa kumi na moja jioni, simu ikatetemeka. "Baba amecheza. Zamu yako."

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimeshika pasi ya kuchomelea, nikaiweka chini kwanza.

Tangu siku ile ikawa kila jioni, saa ile ile, nusu saa nzima, wakati mwingine zaidi. Mwanzoni nilikuwa namfunga ovyo, nikasema uzee huo. Halafu mambo yakageuka. Anakutolea kete mbili kama mtu aliyekata tamaa, unakula kwa furaha zako, kumbe anakufungulia njia ale tatu na aingie kingi. Na pale chini, kwenye kisehemu cha kuandikiana, yakaanza kuja maneno.

"Pole na kazi."

"Umekula?"

"Umecheza vizuri baba."

Hapo kwenye neno baba lazima nisimame kidogo. Jina langu la nyumbani ni Mutalemwa, na ndilo lilikuwa jina la babu aliyemzaa Mzee. Kwa watu wengi, mtoto aliyebeba jina la babu huitwa "baba" na baba yake mwenyewe, na ndani yake kuna heshima kubwa. Jirani yetu kijijini alikuwa anamwita mwanawe hivyo mbele ya wageni, mtoto mwenyewe kamasi zinamtoka, na mimi nilikuwa namwonea wivu. Mzee aliniita Josia, kwa sauti ya kuita mahudhurio darasani. Miaka thelathini na minne, Josia.

Sasa ameandika baba.

Kuna siku mteja alinidhalilisha mbele ya watu kwa simu aliyoiua mwenyewe. Jioni nikamwandikia Mzee kwamba kazi hii imenichosha. Akajibu, "Kazi ya mikono ni kazi baba. Usiwasikilize wanaoidharau." Niliyasoma maneno yale hadi mwanga wa kioo ukazima, nikauwasha, nikayasoma tena. Aliyeidharau kazi yangu kuliko wote ni yeye. Kwa hiyo nikaelewa kwamba anaomba radhi, kwa namna ya wanaume wa kwetu, ya kupita nyuma ya nyumba. Nikasamehe yote palepale, miaka tisa yote, bila kubakiza kitu. Ndipo nikaja kuandika hapa, nanyi mkanipongeza.

Nilimsamehe mtu ambaye hakuwa ameomba.

Ijumaa Mzee amekuja Mwanza kwa kikao cha ukoo. Mpango ulikuwa alale Igogo kwa mdogo wake siku mbili, kwangu afike leo asubuhi, tuonane kidogo kisha apande basi. Lakini kikao kikaisha mapema, na jana saa kumi nikamwona amesimama mlangoni na mkoba wake. Mke wangu, Kabula, akakaanga sato haraka haraka, akasonga ugali, tukakaa. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa namwangalia mtu ambaye ananiita baba, nikisubiri alitamke kwa mdomo.

Hakulitamka. Alikuwa anasimulia daraja la Busisi. Zamani ukifika pale unasubiri kivuko hadi unasahau unakokwenda, safari hii basi limepita juu ya maji kama hakuna maji, na yeye alikuwa amekaa dirishani. Alisimulia nguzo, akasimulia taa, akasimulia na pantoni. Kwa maneno aliyotumia kwenye daraja hilo, mimi ningeishi mwaka mzima.

Simu yangu ikatetemeka mezani.

"Baba amecheza. Zamu yako."

Baba alikuwa mbele yangu, anatoa miiba ya sato, mikono yote miwili ina mafuta.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kifundi. Ameibiwa. Kuna mwizi ameshika simu ya Mzee na hata aibu hana, anamalizia mechi.

"Baba, ile simu kubwa iko wapi?"

"Iko na mama yako. Mimi natembea na hii." Akaonyesha kwa kidevu mfuko wa shati, kitochi chake cha miaka yote.

"Kuna mtu anacheza drafti kwa jina lako."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Ile drafti yako? Niliiacha siku ile ile. Inanilazimisha kula kete hata kama sitaki. Mimi sijafikia umri wa kupangiwa na simu." Akaweka mwiba pembeni ya sahani. "Mama yako ndiye anakaa nayo kila jioni. Nilidhani mmepatana nyinyi wawili."

"Kwa hiyo wewe hujawahi kuniandikia kitu?"

"Kukuandikia nini?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. Kisha akarudi kwenye daraja.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nimeliwa kete moja baada ya nyingine, kwa miezi, na mtu aliyenivisha hizo nguo.

Mzee alipokwenda kuoga nikamfuata Kabula jikoni kumweleza. Nilitegemea ashangae. Akaendelea kusugua sufuria.

"Mimi nilijua tangu alipokuuliza umekula," akasema. "Baba mkwe na kuuliza chakula wapi na wapi?"

"Na hukuniambia?"

"Ungefanyaje? Ulikuwa unaoga unapiga mluzi."

Basi. Nyumba nzima inajua, ukoo mzima huenda unajua, asiyejua ni fundi. Mimi ndiye niliyeisajili ile simu. Nawaonya wateja kila siku kwamba jina kwenye kioo si mtu, wasitume chochote mpaka wamesikia sauti, na wao huitikia kwa vichwa na kunishukuru. Mimi sauti sikuwahi kuidai, hata Mzee akija kwenye simu drafti sikuitaja, kwa sababu sikutaka kuhakikisha.

Leo asubuhi nimemsindikiza Mzee stendi ya Nyegezi. Amenishika mkono. "Haya Josia, kazi njema," akapanda. Nilisubiri basi liondoke, hata sijui kwa nini, yeye alikuwa upande wa pili.

Saa nne mama akapiga. Mzee alikuwa ameshamsimulia akiwa ndani ya basi, kama mtu anayesimulia kichekesho.

"Josia, baba," akaanza.

Niliposikia hivyo nilitaka kujipiga kichwa. Mama ananiita baba tangu nilipozaliwa, kama mama wote wanavyowaita watoto wao wa kiume. Ameniita hivyo nikiwa naumwa, nikifaulu, nikitumwa chumvi. Masikio yangu yalishalizoea hadi yakaacha kulisikia.

Nikamuuliza kwa nini amenidanganya. Nakiri, nilitaka alie kidogo. Hakulia. Alisema siku ya kwanza aligusa tu aone inakwendaje, nami nikajibu, "Shikamoo baba, nimefurahi sana," akaogopa kunivunja moyo. Siku ya pili akaogopa zaidi. Nikamwambia hayo yote ni maneno, uongo ni uongo, na kwamba niliyaandika kwenye mtandao watu wakasoma.

"Nimekudanganya, ndiyo," akasema. "Nisamehe." Nilidhani amemaliza. "Lakini Josia, wewe ukipiga simu hapa unasema shikamoo mama, hamjambo, mpe baba simu. Siku zote. Mpe baba simu. Kwenye drafti ulikuwa unakaa na mimi nusu saa."

Nikamuuliza kitu cha kijinga, drafti amejifunzia wapi.

"Wale walimu waliokuwa wanacheza hapa kila Jumamosi, kahawa walikuwa wanaletewa na nani? Unafikiri nilikuwa nafumba macho?"

Nikasema mtandao unakata, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Sasa nimebaki na hasira yangu, na sitaki mtu aje kwenye maoni kuniambia mama ni mama. Najua mama ni mama. Lakini alinipa kitu nilichokisubiri tangu utoto, kisha kumbe hakikuwa chake kukitoa. Mzee hajaomba radhi. Mzee hata hajui kuna kitu cha kuombea radhi. Ile miaka tisa niliyoisamehe imerudi yote, na safari hii sina pa kuipeleka.

Halafu kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonikalisha hapa tangu saa nne bila kula.

Nilipogundua ni mama, yale maneno yalipungua uzito. Umecheza vizuri. Kazi ya mikono ni kazi. Jana mchana yalikuwa dhahabu, jana jioni yakawa ya kawaida tu, maana ni mama, na mama lazima aseme hivyo. Lakini wakati kila mtu pale nyumbani amekaa kimya kuhusu kazi yangu, yeye alikuwa anamzungumzia mume wake aliyelala chumba cha pili, na aliniambia nisimsikilize. Sidhani kama amewahi kufanya jambo kubwa kuliko hilo, na nililipokea nikampa mtu mwingine shukrani.

Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho kumpigia mama kwa ajili ya mama. Nimepekua simu, mimi mwenye kujua kufukua hata zilizofutwa. Kuna simu za pole, za sikukuu, za kumtuma amwambie Mzee hiki na kile. Nyingine haifiki dakika moja.

Namba yake iko hapa mbele yangu. Bado nina hasira naye, na nitamwambia. Nikipiga atapokea haraka, nitasema shikamoo mama, ataitikia marahaba baba.

Baada ya hapo, kwa miaka yote hii, nilikuwa nasema mpe baba simu. Leo nitasema nini?